Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Historia ya Kupima Majani ya Kisukari

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu)

Uwe Nakivale au Kyangwali, Kakuma au Dadaab, Kiryandongo au Nyarugusu, karibu. Na wewe uliyeushika mswada huu mkononi ili uwasomee wenzako katika kikundi cha wasikilizaji, karibu pia. Soma polepole. Kila sehemu inaweza kusomwa peke yake.

Leo tunazungumzia swali ambalo watu wengi wenye kisukari hulibeba moyoni bila kumwuliza daktari. Haya majani niliyoletewa, yanashusha sukari kweli? Na kama yanashusha, naweza kuacha vidonge au sindano?

Swali la pili tulijibu sasa hivi, kabla ya historia, maana lina uhai wa mtu ndani yake. Usiache. Mtoto au kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini akikosa sindano anaweza kufa ndani ya siku chache, na hakuna jani lolote duniani lililothibitishwa kushika nafasi ya insulini. Mtu mzima anayetumia vidonge naye akiviacha anaweza kukaa miezi akijiona mzima, huku macho, figo na miguu vikiharibika kimyakimya.

Swali la kwanza, la kama majani yanashusha sukari, ndilo la kipindi chetu. Ni swali la haki na halipaswi kuchekwa. Limeulizwa kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, na majibu yake yamekuja kwa njia moja tu: kupima.

SEHEMU YA KWANZA: MAJANI HAYANA MPAKA

Tuanze mpakani. Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili, nusu Uganda na nusu Kenya. Ukielekea kaskazini unafika Malaba na Tororo, mji unaotambulika kwa mwamba wake mrefu. Mpaka huo si wa kale. Hadi mwaka 1902 watawala wa Kiingereza walihesabu nchi yote hiyo, mpaka Naivasha, kuwa ni Uganda. Mwaka huo sehemu kubwa ya mashariki ilihamishiwa kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mstari ndio uliohama, watu hawakuhama. Hadi leo Wasamia na Waiteso wako pande zote mbili, wakioana, wakizikana na kuuziana bidhaa.

Mpaka huo unawajua wakimbizi pia. Mapema mwaka 2008, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Wengi walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Mtu anapokimbia hubeba kidogo, lakini maarifa ya majani hayana uzito. Bibi huyabeba kichwani na kuyatumia huko aendako.

Chukua mfano wa jani moja chungu. Buganda huitwa mululuza. Wajaluo huliita olusia. Kuanzia Ankole hadi Rwanda, Burundi na Kivu wengi hulijua kwa jina la mubirizi. Ni mmea uleule, nao hunywewa kwa homa, kwa tumbo na kwa sukari. Maji ya jani hilo yamepimwa kwa panya katika maabara nyingi, na sukari ya panya imeonekana kushuka.

Hapo hapo tunakutana na kazi ya kwanza ya kupima: kuujua mmea wenyewe. Mmea mmoja una majina mengi, na wakati mwingine jina moja hutumika kwa mimea miwili tofauti, mmoja salama na mwingine sumu. Unga wa majani ukishasagwa na kufungwa kwenye karatasi, hakuna jicho linaloweza kusema ni jani gani. Ndiyo maana mtafiti huanza kwa kuuchukua mmea mzima, na maua yake na matunda yake, akaukausha na kuuhifadhi, ili yeyote atakayekuja baadaye ajue ni mmea upi uliopimwa.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ngumu Afrika Mashariki kwa sababu ya woga. Sheria za uchawi, kama ile ya Kenya ya mwaka 1925 na ile ya Uganda ya mwaka 1957, zililenga uchawi, lakini mganga wa miti shamba mara nyingi alitazamwa kwa jicho hilohilo. Anayeogopa hukaa na siri yake. Mambo yalianza kubadilika baada ya uhuru. Katika miaka ya 1960 Uganda ilianzisha maabara ya kuchunguza dawa za asili huko Wandegeya, Kampala, chini ya Wizara ya Afya. Kenya ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, mwaka 1979, na ndani yake kukawa na kituo cha dawa za jadi. Mwaka 2019 Uganda ilipata sheria inayowatambua na kuwasimamia watoaji wa tiba asilia. Mganga sasa anaweza kupeleka jani lake likapimwa bila kuitwa mchawi.

(Muziki mfupi)

SEHEMU YA PILI: JANI LILILOUA KONDOO NA KUZAA KIDONGE

Sasa twende mbali kidogo, Ulaya, kwa sababu kidonge ambacho wengi wenu mnapewa kliniki kilianzia huko, nacho kilianzia kwenye jani.

Kuna mmea unaoitwa Galega. Kwa karne nyingi wazee wa Ulaya waliutumia kwa magonjwa mbalimbali, na wafugaji waliamini unaongeza maziwa. Mwaka 1891 ulipelekwa jimbo la Utah huko Marekani uwe malisho ya mifugo, na ukawa balaa, kwa kuwa ulikuwa sumu kwa wanyama. Wewe uliyechunga mbuzi Turkana au Karamoja unajua maana ya malisho yanayoua. Basi jani hilohilo ndilo lililobeba mwanzo wa dawa ya kisukari.

Wanasayansi waligundua ndani yake kemikali za jamii ya guanidini. Mwaka 1918 ilionekana kwamba guanidini hushusha sukari katika damu ya sungura. Katika miaka ya 1920 kemikali iliyotoka kwenye Galega ilijaribiwa kwa watu wenye kisukari. Ilishusha sukari, lakini iliwadhuru, basi ikaachwa. Mwaka 1922, mjini Dublin, Ireland, wakemia wawili walitengeneza kemikali ya ukoo huo iliyo pole zaidi. Leo tunaiita metformini. Ikakaa bila kutumiwa kwa kisukari kwa miaka thelathini na zaidi.

Mwaka huohuo wa 1922 kulikuwa na habari kubwa zaidi. Tarehe 11 Januari, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa sindano ya kwanza ya insulini. Ile ya kwanza haikumfaa, maana dawa haikuwa safi. Wakaisafisha, na tarehe 23 Januari akadungwa tena. Sukari yake ikashuka na afya ikarudi. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina hiyo alikuwa anasubiri kifo tu.

Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari metformini. Hata hivyo dawa nyingine ya ukoo huo, fenformini, ndiyo iliyopendwa zaidi kwa sababu ilikuwa na nguvu zaidi. Watu waliipokea kwa furaha, sukari zikashuka, kisha wengine wakaanza kufa. Dawa hiyo ilikuwa inajaza asidi kwenye damu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 iliondolewa Marekani na nchi nyingine nyingi. Fikiria hilo vizuri, ndugu msikilizaji. Dawa inaweza kushusha sukari sawasawa na bado ikamwua mgonjwa.

Metformini iliendelea kupimwa. Marekani haikuiruhusu hadi mwishoni mwa mwaka 1994. Na mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza, uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba wagonjwa wanene waliopewa metformini walipata shambulio la moyo mara chache zaidi na waliishi zaidi. Kutoka sungura wa 1918 hadi jibu hilo ni miaka 80.

Kwa hiyo mtu akikuambia kliniki inadharau majani, mwonyeshe kidonge chako. Babu yake ni jani. Tofauti yake na unga unaouzwa sokoni ni ile miaka 80 ya kupimwa, na wale kondoo, na wale wagonjwa waliodhurika njiani.

SEHEMU YA TATU: KIKOMBE CHA SAMUNGE

Turudi nyumbani. Mwaka 2011 Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikizungumza habari ya kijiji kimoja kaskazini mwa Tanzania, Samunge, katika eneo la Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema ameoteshwa dawa na Mungu. Alichemsha mizizi ya mti unaoitwa mugariga na kuwapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemekana kinatibu kisukari, Ukimwi, saratani na pumu. Watu wakamwita Babu.

Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikuja Watanzania, Wakenya na Waganda, walikuja mawaziri na wabunge, maskini na matajiri. Vyombo vya habari viliripoti kwamba kuna waliotolewa hospitalini wakapelekwa huko, na wapo waliokufa njiani au kwenye foleni kabla ya kukifikia kikombe. Mwishoni mwa Machi mwaka huo Babu mwenyewe aliomba watu wasije kwa muda, maana umati ulikuwa umezidi.

Wataalamu wa serikali walisema kinywaji hicho hakina madhara kwa binadamu. Wengi waliposikia hivyo walielewa kwamba kinaponya. Hapo ndipo penye mtego. Maji ya kunywa nayo hayana madhara, lakini hayaponyi kisukari. Kutodhuru ni swali moja, kuponya ni swali la pili, na kila swali lina kipimo chake. Mugariga ni mti unaojulikana katika tiba za jadi za sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na hakuna ubaya kuuchunguza. Ila umati mkubwa si kipimo. Foleni ndefu hupima matumaini na dhiki ya watu, haipimi dawa. Mzee Mwasapile alifariki Julai 2021, na kisukari bado kiko nasi.

(Muziki mfupi)

SEHEMU YA NNE: TORORO NA BUSIA WANAVYOPIMA

Huenda unajiuliza, basi kupima kwenyewe kunakuwaje? Jibu liko palepale mpakani tulipoanzia.

Tororo imezoea watafiti. Enzi za ukoloni palikuwa na kituo cha Afrika Mashariki cha kuchunguza malale na mbung'o. Katika miaka ya karibuni Tororo na Busia upande wa Uganda yamekuwa mahali pa kupima dawa za malaria. Na moja ya dawa hizo, kama metformini, babu yake ni jani.

Jani hilo ni pakanga ya Kichina, Artemisia. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, China ilianza mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti mmoja, mama Tu Youyou, alisoma kitabu cha tiba cha zamani sana, cha karne ya nne, kilichoelekeza kuloweka jani hilo kwenye maji na kulikamua. Akatambua kwamba moto wa kuchemsha ulikuwa unaharibu dawa. Akatumia joto dogo, na dawa ikapatikana. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto unazopewa kituo cha afya ukiwa na malaria zina dawa ya ukoo huo ndani yake.

Je, jani liliposhapata heshima hiyo, walisema basi sasa litumike kwa lolote? Hapana. Lilipimwa tena kwa kila swali jipya. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, wajawazito 300 wa Tororo waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa SP, ambayo wengi waliizoea kwa jina la Fansidar. Mawili yalipewa dawa mseto ya ukoo wa Artemisia kwa ratiba tofauti. Vidonge vilipangwa hivi kwamba mama hakujua anameza ipi, na muuguzi aliyempima hakujua pia. Mwishoni walipochunguza kondo la nyuma, waliona dalili za malaria kwa nusu ya waliopewa SP, lakini kwa asilimia 27 tu ya waliopewa dawa mseto kila mwezi.

Ushindi mkubwa, si ndiyo? Kisha wakapima Busia, kwa akina mama 782, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Malaria ilipungua tena. Lakini watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo hawakupungua kuliko wale wa kundi la SP. Dawa ilishinda katika kipimo kimoja na ikatoka sare katika kingine.

Hayo ndiyo matunda ya kupima kwa uaminifu. Na hilo la Busia linatufaa sana sisi tunaozungumzia kisukari. Namba kwenye mashine ikishuka, hiyo ni habari njema, lakini ni kipimo kimoja. Kinachotakiwa hasa ni macho yaone, figo zifanye kazi, mguu usikatwe. Ndiyo maana jani linalodaiwa kutibu kisukari linatakiwa kupimwa kwa miezi na miaka, wala si kwa wiki moja.

Angalia basi nguzo za kipimo cha haki. Kwanza, kuna kundi la kulinganisha. Pili, anayeingia kundi hili au lile anachaguliwa kwa bahati nasibu, si kwa kupendwa. Tatu, ikiwezekana, mgonjwa na mpimaji wote hawajui nani kapewa nini. Nne, wanahesabiwa wote, waliopona na walioumia. Muuza majani hukuonyesha aliyepona. Yule aliyezirai nyumbani harudi sokoni kutoa ushahidi.

SEHEMU YA TANO: KWA NINI KAMBINI NI RAHISI KUDANGANYIKA

Sasa tuje kwako. Mtu anasema, lakini mimi mwenyewe nilipimwa nikakutwa na 16, nikanywa mululuza wiki mbili, nikapimwa nikakutwa na 9. Huo si ushahidi?

Hebu tuuchunguze pamoja. Watu hutafuta majani siku sukari imepanda sana. Sukari huenda ilipanda kwa sababu ya malaria, kidonda au msiba, maana ugonjwa na huzuni hupandisha sukari. Malaria ikiisha, sukari hushuka, na jani husifiwa.

Halafu kuna chakula. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Aliyeanza kunywa majani mwezi huo na kuona sukari ikishuka alikuwa anaona njaa, hakuwa anaona dawa. Na kuna vidonge. Wengi hunywa majani huku wakiendelea na metformini, tena kwa bidii zaidi kwa sababu wameogopa. Sukari ikishuka, kidonge kilichofanya kazi husahauliwa.

Ndiyo maana kliniki yenye uwezo hufanya kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hicho hakidanganywi na siku moja ya njaa. Ukipata nafasi, kiulizie.

Kuna hatari nyingine, ya majani yaliyotiwa dawa ya hospitali kwa siri. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasiokuwa na kisukari walilazwa katika miezi mitano, sukari zao zikiwa zimeshuka vibaya. Wanne walikufa. Wengi walikuwa wametumia dawa haramu za nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama mitishamba. Ndani yake ilikutwa glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Unga unaoshusha sukari kwa kasi ya ajabu haupaswi kukufurahisha haraka. Jiulize kuna nini ndani.

Zijue dalili za sukari iliyoshuka mno: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ikiwa chini ya 4 kwenye mashine, au chini ya 70 kwa mashine za kipimo kingine, mpe mgonjwa vijiko vitatu vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au soda yenye sukari, kisha ale. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize kituo cha afya. Na kama mgao umepungua au siku hiyo hakuna chakula, usikate wala kuongeza dawa kwa kubahatisha. Mwambie mhudumu wa afya, ili akupangie kiasi kinachofaa.

(Muziki mfupi)

SEHEMU YA SITA: KIPIMO HUIKAGUA HATA HOSPITALI

Usidhani kupima ni fimbo ya kumchapa mganga tu. Sikiliza habari hii kutoka Dadaab.

Kwa miaka mingi hospitali zilishikilia kwamba insulini lazima ikae kwenye friji. Mkimbizi hana friji. Kwa hiyo mgonjwa alilazimika kutembea hadi hospitali kila siku, hata mara mbili kwa siku, kudungwa sindano. Mama mwenye watoto wadogo au mzee asiyeweza kutembea angefanyaje?

Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliamua kuipima kanuni hiyo. Walirekodi joto katika nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 usiku na mchana. Kisha katika maabara wakaiweka insulini kwenye joto hilohilo kwa wiki nne. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: insulini ilibaki na nguvu yake. Kanuni ya friji kwa chupa inayotumika ilikuwa imewabana watu kupita kiasi. Chombo cha udongo chenye kupoza kwa unyevunyevu, kama mtungi wa bibi, husaidia kuipunguzia joto. Zungumza na kliniki yako kabla ya kuanza kuiweka nyumbani, maana joto la kila kambi si moja.

Umeona? Kipimo kimewakosoa wenye makoti meupe, na mtungi wa udongo ukapata heshima. Hakina upendeleo. Kinamwuliza profesa swali lilelile kinalomwuliza mganga: umelinganisha na nini?

SEHEMU YA SABA: UKILETEWA MAJANI

Kama unatumia majani tayari, mwambie mhudumu wa afya bila kuogopa. Akikufokea, mwambie mwingine. Anahitaji kujua kwa sababu majani na vidonge vikishusha sukari kwa pamoja unaweza kuzimia.

Muuzaji akija, mwulize kwa heshima: Mmea huu ni upi, naomba kuuona mzima? Umesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi hii? Umepimwa kwa watu wangapi, kwa muda gani? Walioumia ni wangapi? Na mwulize hili la mwisho: je, unaniambia niache dawa zangu? Akisema ndiyo, mazungumzo yamekwisha. Mganga mwaminifu hatakutenga na kliniki.

Na watafiti wakija kambini kutaka kupima dawa, ya majani au ya kiwandani, una haki zako. Lazima waelezwe kibali chao kimetoka wapi. Lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa faida na hatari. Unaweza kukataa, unaweza kujitoa katikati, na mgao wako wa chakula au kadi yako ya ukimbizi haviguswi. Ukikubali kwa hiari, unafanya jambo kubwa. Wale akina mama wa Tororo na Busia hatuwajui majina, lakini wajawazito wengine wananufaika na walichokubali.

Wazee wa pwani walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa lakini unaulalia. Msala ni mzuri, lakini una mwenyewe na atapita nao. Vidonge vyako ndio mbacha. Jani lililo kwenye njia ya kupimwa lisubiriwe lipimwe. Likithibitika litaletwa kliniki, kama Galega na Artemisia walivyoletwa.

(Muziki wa kufungia)

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kijiji mlikotoka, jani gani lilitumika kwa sukari, na liliitwaje? Je, wote mnazungumzia mmea mmoja?

2. Ni mambo gani hapa kambini yanaweza kupandisha au kushusha sukari mbali na dawa?

3. Jirani yako ameacha insulini ya mtoto wake kwa sababu ya majani. Leo jioni utamwambia nini, na utampeleka kwa nani?

Swali la tatu msilimalize kwa maneno. Kama jirani huyo yupo, nendeni.